Vumbi la Wiki Chache

Kifaru cha plastiki kikishatoka kwenye gundi hakina umri. Viungo vyote vimekaa mahali pake, minyororo imezungushwa, mzinga umenyooka, lakini jicho halidanganyiki: hiki ni kitu cha kuchezea. Kinachokitoa huko ni rangi, na baada ya rangi ni uchakavu unaowekwa juu yake kwa makusudi, yaani vumbi, mikwaruzo, michirizi ya mvua, mafuta yaliyomwagika, tope lililokaukia kwenye magurudumu. Kuchakaza huku ni nusu ya ufundi wa vifaru vidogo, tena nusu iliyo ngumu, kwa kuwa haimo kwenye karatasi ya maelekezo. Karatasi inaeleza kipande namba 14 kinabandikwa wapi. Haielezi vumbi limetoka barabara gani.

Ukubwa unaopendwa na wengi ni ule wa 1 kwa 35. Mapema miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza kifaru cha Kijerumani aina ya Panther kinachotembea chenyewe, na kikapewa upana ambao ungeruhusu mota na betri kuenea ndani. Hesabu ilikuja baadaye, ikaonekana kwamba kifaru kile ni kama sehemu moja ya 35 ya kile halisi. Namba iliyozaliwa na betri ikageuka kipimo cha ulimwengu mzima wa mafundi hawa.

Namba hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mpaka rangi. Mtu wa sentimita 175 anashuka hadi sentimita 5. Mkwaruzo wa milimita 1 kwenye plastiki ni sawa na jeraha la sentimita 3 na nusu kwenye chuma, kwa hiyo mkwaruzo unaoonekana mdogo sana kwa fundi huenda ni mkubwa kupita kiasi. Rangi iliyopakwa kwa unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni kama koti la milimita 3 na nusu, la kutosha kufukia vichwa vya bolti. Hata weusi unabadilika. Anayekitazama kifaru kidogo kwa umbali wa sentimita 30 ni kama aliyesimama mita kumi na nusu kutoka kwenye kile kikubwa, na kwa umbali huo hewa na mwanga vimeshapunguza makali ya rangi. Ndiyo maana mafundi wazoefu hawatumii nyeusi tupu wala nyeupe tupu. Nyeusi huwa ya mkaa, nyeupe huwa ya jivu, na kijani kilichochanganywa sawasawa na cha kiwandani huongezwa tone la rangi nyepesi ili kisionekane kimezama.

Kazi yenyewe huonekana vizuri zaidi kwa kukifuata kifaru kimoja, na hakuna kinachofundisha kuliko Tiger namba 131. Kilitoka kiwanda cha Henschel mjini Kassel mwezi Februari 1943. Kilivushwa bahari hadi Tunisia kikiwa mali ya kikosi cha 504 cha vifaru vizito, na mwezi Aprili mwaka huohuo kikakutana na vifaru vya Kiingereza aina ya Churchill katika vilima vilivyo karibu na Medjez el Bab. Risasi moja iligonga upande wa chini wa mzinga, ikadunda na kujipachika pale mnara unapokutana na bodi, na mnara, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, ukakwama. Askari wake watano wakakiacha bila kukilipua. Chuma hicho cha tani zipatazo 57 kikawa nyara. Mwezi Juni, Mfalme George wa Sita na Winston Churchill walionyeshwa kifaru hicho mjini Tunis, kisha kikapelekwa Uingereza kuchunguzwa. Leo kiko katika jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, na baada ya matengenezo marefu yaliyoanza mwaka 1990 injini yake inaunguruma tena. Mwaka 2014 kilionekana katika filamu ya Fury, kikishika nafasi ya kifaru cha Ujerumani ya Aprili 1945.

Kutokana na historia hiyo, neno moja linapaswa kukaa mbele ya fundi tangu mwanzo: wiki. Kutoka kiwandani hadi kutekwa, Tiger 131 haikuishi hata miezi mitatu, na sehemu ya muda huo ilipita kwenye mabehewa na melini. Wengi huchukua brashi wakiwa na picha ya chuma kikuukuu kichwani, lile gari lililotelekezwa nyuma ya garaji miaka ishirini, kutu imelila mpaka mbavuni. Wanakipaka kifaru kutu kila kona. Kazi inapendeza, lakini imesema uongo. Magari mengi ya Vita ya Pili ya Dunia hayakupata nafasi ya kuzeeka. Yalichakaa bila kuzeeka, na tofauti ya mambo haya mawili ndiyo kiini cha ufundi huu. Uzee ni kutu nene, rangi iliyopauka na kubanduka, vyuma vilivyoshikana. Uchakavu wa wiki chache ni vumbi, grisi, mikwaruzo myembamba pale buti zinapokanyaga, na masizi. Kila alama itakayowekwa lazima iwe na kilichoifanya na muda wa kutosha wa kufanyika.

Kipo pia kitendawili cha mahali. Afrika, vifaru, Wajerumani: mkono unakimbilia rangi ya mchanga wa Sahara. Medjez el Bab haiko Sahara. Iko katika bonde la mto Medjerda, nchi ya ngano, na mwezi Aprili mvua za msimu wa baridi zinakuwa ndiyo kwanza zimepungua. Vilima vina majani na maua, na udongo ni wa kahawia na kijivu, ule unaoganda ukiwa mbichi na kufuka ukikauka. Vumbi la Tiger 131 linapaswa kutoka huko. Picha za rangi zinazopigwa leo Bovington hazimsaidii sana fundi kwa jambo hili, kwa sababu vumbi lililo kwenye minyororo ya kifaru hicho sasa ni la kusini mwa Uingereza.

Rangi ya bodi nayo ina kalenda yake. Hadi mwanzoni mwa 1943 vifaru vya Kijerumani barani Ulaya vilipakwa kijivu kilichoiva. Tarehe 18 Februari 1943 ilitoka amri ya kuhamia njano iliyokoza, na vikosi vikapewa mikebe ya rangi nzito ya kijani na ya kahawia, ya kuyeyushwa kwa maji au petroli na kupuliziwa juu yake kama mabaka. Afrika ilikuwa na amri zake za pekee, ya Machi 1941 na ya Machi 1942, kila moja ikitaja jozi ya rangi za kahawia na kijivu. Kifaru kilichozaliwa Februari 1943 kwa ajili ya Tunisia kiliangukia katikati ya amri hizi zote, na wajuzi wamebishana kwa miaka kuhusu rangi yake sahihi. Anayepaka anapaswa kuchagua kwa sababu anayoweza kuitaja, kisha asiendelee kuteseka. Rangi iliyochanganywa na askari kwenye ndoo, ikapigwa na jua, haikuwahi kuwa moja kwa vifaru viwili.

Kabla ya rangi yoyote, kifaru huoshwa kwa sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya vidole na yale ya kiwandani, kisha hukaushwa. Hufuata praima, rangi ya kwanza inayoshika plastiki na kuzishikilia zote zitakazokuja. Wengi hupenda ya kahawia nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa chini ya rangi za vifaru halisi vya Kijerumani. Rangi ya bodi hupulizwa kwa kipulizio chembamba cha ukubwa wa kalamu kinachosukumwa na upepo wa kompresa, tabaka jepesi juu ya jepesi. Mwenye brashi tu pia hufika, ila aifanye rangi iwe nyepesi na awe na subira. Kwa anayetumia laka au thina kali, dirisha liwe wazi na barakoa ya kuchuja mvuke iwe usoni. Mapafu hayana kipimo cha 1 kwa 35.

Siri ya hatua zinazofuata ni ya kikemia. Uchakavu hupakwa kwa matabaka mengi, na kila tabaka lina maji yake ya kuyeyushia. Lililo juu likiweza kuyeyusha lililo chini, kazi ya siku tano inageuka uji kwa dakika moja. Kwa hiyo bodi hupakwa laka au akriliki, ambazo zikikauka haziguswi na tapentaini. Kisha juu yake hutumiwa rangi za mafuta za wachoraji au enameli, ambazo tapentaini huziyeyusha. Fundi anaweza kupaka, akatazama, akafuta, akarudia, na bodi ikabaki salama chini. Ruhusa hii ya kukosea ndiyo inayofanya mikono iache kutetemeka.

Namba nyekundu 131 iliyozungushiwa mstari mweupe hubandikwa kwa stika ya maji. Sehemu inayoipokea hupakwa vanishi inayong'aa kwanza, kwa maana stika juu ya uso mkavu wenye chembechembe hunasa hewa chini yake na kuonekana kama karatasi iliyobandikwa ukutani. Ikishakauka hufunikwa na vanishi nyingine. Ni jambo dogo, na halistahili maneno zaidi ya haya.

Sasa mwanga uongezwe mezani, kioo cha kukuzia kishushwe, na bolti moja ichunguzwe. Ni kinundu cha chini ya milimita moja kwenye madigadi ya nyuma. Kwenye sahani, rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva imeyeyushwa kwa tapentaini mpaka inakaribia kuwa maji yenye rangi, nyepesi kuliko chai isiyo na maziwa. Ncha ya brashi inaguswa mara moja tu pembeni mwa kinundu. Tone halikai lilipowekwa. Linakimbia lenyewe kuzunguka kichwa cha bolti, linaingia kwenye mfereji mwembamba wa ubao wa chuma, na kusimama linapokutana na kona. Baada ya dakika kumi hivi tapentaini imepeperuka na kilichobaki ni mstari wa kivuli unaoonyesha kwamba hapa kuna kitu kimefungwa juu ya kitu kingine. Doa la ziada hufutwa kwa brashi safi iliyoloweshwa kidogo, likivutwa kwenda chini, upande ambao maji ya mvua yangekwenda. Tiger ina mamia ya bolti, bawaba na mistari ya kuchomelea. Hakuna njia ya mkato, na waliowahi kumwaga maji hayo ya rangi juu ya kifaru kizima ili wamalize haraka wameishia na bodi yenye madoa kama nguo iliyochuja.

Namna hii ya kufanya kazi imepita katika mitindo. Miaka ya 1970 na 1980 Mbelgiji François Verlinden alivuma kwa vitabu na majarida akifundisha maji ya rangi nyeusi kwenye mifereji na brashi kavu kwenye kingo: brashi huchovywa rangi nyepesi, hufutwa hadi karibu iishe, kisha hupitishwa juu ili vinundu vishike mwanga. Marekani, Shepard Paine alisisitiza kuwa kifaru kinapaswa kuwa ndani ya kisa, na askari na ardhi yake. Mwanzoni mwa karne hii Wahispania, Miguel Jiménez akiwa mmoja wa wanaojulikana zaidi, walieneza tando nyepesi za rangi, unga wa rangi wa kuiga vumbi, na mtindo wa kupaka kila ubao wa chuma kwa mteremko kutoka giza hadi mwanga, kana kwamba jua la kila ubao ni lake peke yake. Uzuri wa mtindo huo haukanushiki. Lakini ukizidi, kifaru huacha kuwa chuma kilichosimama chini ya anga moja na kuwa picha ya jukwaani, na hapo yule aliyekuwa akitafuta alama zenye sababu anapaswa kushusha mkono.

Mikwaruzo ndiyo inayowaponza wengi. Kipande cha sponji hunyofolewa, huchovywa rangi ya kahawia iliyoiva, hufutwa kwenye karatasi hadi karibu ikauke, halafu huguswa kwenye kingo. Hutoka vidoa visivyofanana, na kutofanana huko ndiko kunakotakiwa, kwa sababu mkono wa binadamu ukiachwa huweka nukta kwa mpangilio hata bila kujua. Njia nyingine ni ya spreyi ya nywele: hupulizwa juu ya rangi ya chini, kisha rangi ya akriliki huwekwa juu yake, na kabla haijakomaa hulainishwa kwa maji na kusuguliwa kwa brashi ngumu. Spreyi inayeyuka, rangi ya juu inabanduka vipande vipande na ya chini inachungulia. Njia hii inafaa mno kwa vifaru vya baridi ya Urusi, ambako chokaa nyeupe ilipakwa juu ya bodi na kuanza kuchunika muda si mrefu. Kwa Tiger ya Tunisia itumike kwa uchache. Mahali pa mikwaruzo panafahamika: ukingo wa mfuniko anaotokea kamanda, njia fupi ambayo dereva hupanda, madigadi yanayogonga mawe na miti, vishikio vya vifaa vya kuchimbia. Pembeni mwa mnara, ambako hakuna buti wala mkono unaofika, rangi ilikaa nzima.

Ekzosi peke yake ndiyo iliyo na haki ya kutu katika muda mfupi. Joto huunguza rangi tangu safari za kwanza, na chuma kilicho uchi hushika kutu usiku mmoja wenye umande. Hupakwa kahawia, chungwa iliyopoa na zambarau kidogo, kwa kugusagusa, na masizi huanzia mdomoni mwake. Karibu na hapo, mgongoni mwa Tiger 131, kuna mitungi na mabomba makubwa ya kuchuja hewa ya injini. Waliokiunda walijua vumbi linakingojea.

Vumbi lenyewe huja karibu na mwisho. Unga wa rangi, wa kahawia na kijivu kama udongo wa bonde lile, huwekwa ukiwa mkavu mahali unapotakiwa, kisha hutoneshewa tapentaini na kuachwa ukauke. Hukaa zaidi chini kuliko juu, nyuma kuliko mbele, kwenye pembe kuliko kwenye nyuso tambarare ambako nguo na mikono hufuta. Mahali mafuta yalipomwagikia, karibu na mdomo wa tangi, vumbi huyanywa na kuwa jeusi lenye mng'ao. Waswahili walipokiita kifaru jina la yule mnyama mzito anayegaagaa kwenye tope, waliona ngozi nene na nguvu ya kifua, lakini jina limebeba pia hili: kwamba huyu hatembei bila kuvaa ardhi aliyoipita.

Minyororo ina tabia mbili za pekee. Ya kwanza ni uzito. Kifaru kidogo cha kipimo hiki kingepaswa kuwa na kilo 1.3 hivi ili kilingane na tani 57, lakini plastiki haifiki hapo, na mnyororo wake hukaa juu ya magurudumu ukiwa umenyooka kama ukanda wa suruali. Mnyororo halisi wa chuma hulala, ukishuka na kuegemea magurudumu. Fundi hulazimika kuulaza kwa gundi na vijiti, ama sivyo rangi nzuri kiasi gani haitauokoa. Ya pili ni mng'ao. Kifaru kinachotembea husugua mnyororo wake kila siku, na sehemu zinazokanyaga chini na zile zinazopitiwa na magurudumu hung'aa, huku mashimo yake yakijaa udongo. Ncha ya penseli laini ikisuguliwa kwenye vinundu hivyo huacha mng'ao wa chuma ulio wa kweli kuliko rangi yoyote ya fedha. Penseli hiyohiyo hupitishwa mara moja kwenye ukingo wa mfuniko, mahali kiganja cha kamanda kilipokuwa kikishika.

Hubaki kovu lililo chini ya mzinga, na hapo fundi anachagua saa. Asipoliweka, mezani pana Tiger ya asubuhi, mnara wake unazunguka na watano wamo ndani. Akiliweka, ameshuka hadi baada ya mapigano. Kovu huchongwa mapema, kabla ya praima, kwa kufinya plastiki kwa chuma cha moto na kuinua ukingo wake kidogo, maana risasi haitoboi tu, husukuma. Rangi yake huwekwa mwisho wa yote. Haiwi ya kutu, kwa kuwa kutu bado haijapata hata usiku mmoja. Ni chuma kitupu kinachong'aa, na pembeni mwake buluu hafifu ya kuungua, pasipo chembe ya vumbi juu yake.